Ami ataka shamba liuzwe nisomee Boeing, baba amenyamaza

BARUA

Mama mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni binti wa Lamu, nina miaka 25, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yangu ni nahodha wa boti. Kazi yake ni kuwavusha abiria wanaoshuka kwenye ndege Manda kuja mjini, na kuwarudisha wanaoondoka. Nimekulia gatini, nikipokea mabegi ya wageni huku macho yangu yakiwa kwenye uwanja wa ndege, nikitazama ni rubani gani ana mistari mingapi mabegani. Nyumbani walijua mapema kwamba mtoto huyu hatasomea kitu kingine.

Leo leseni ya rubani wa biashara ninayo. Nilisoma Nairobi, uwanja wa Wilson, nikamaliza na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pamoja na cha ndege za injini mbili. Saa zangu za kuruka zimepita kidogo 200. Fedha zilitoka kwa watu wengi. Nusu ya shamba la baba kule Hindi, Lamu bara, iliuzwa bei ya ardhi ilipopanda kwa ajili ya bandari mpya. Jamaa walichanga, na ami alitoa kuliko wote. Bangili za dhahabu za mama, alizovishwa siku ya harusi yake, zilikwenda kuuzwa Mombasa. Mama alirudi nyumbani amevaa za plastiki zenye rangi ileile ili majirani wasiulize. Mpaka leo anazivaa.

Tangu nimalize niko nyumbani. Nimepeleka maombi kwa makampuni yanayotua Manda na Malindi. Wengi hawajibu. Wanaojibu huuliza mambo mawili tu: una saa ngapi, na una taipu gani. Taipu ndiyo tunavyoita kibali cha kurusha aina fulani ya ndege kubwa. Mimi sina hata moja.

Sasa nimefika njia panda, mbele yangu kuna kozi tatu.

Ya kwanza ni ya chuo kimoja cha Ulaya. Inaitwa MCC, kozi ya kuwafundisha marubani kufanya kazi wawili wawili. Wana ya kawaida yenye saa 20 za simuleta, yaani mashine ya kuigiza kuruka, na wana ndefu inayoitwa APS yenye saa 40, ambayo inakutayarisha kwa ndege za jeti. Wanasema aliyehitimu APS hupendelewa na mashirika makubwa, na kwamba wana mashirika washirika. Wamenipa punguzo nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Ya pili ni taipu ya Boeing 737, Afrika Kusini. Hiyo ndiyo anayoitaka ami. Yeye anakaa Mombasa, ana duka la vipuri vya magari, na neno lake katika ukoo ni zito. Anasema mwenye Boeing kwenye leseni yake hakosi kazi, na kwamba tumeshafika mbali mno kuogopa hatua ya mwisho. Ameshapata mnunuzi wa nusu ya shamba iliyobaki. Anataka jawabu kabla ya Maulidi.

Ya tatu ni kurudi chuo nilichosoma Wilson nisomee ualimu wa urubani, ambayo ni nafuu zaidi kuliko zote. Wameniambia nikifaulu vizuri huenda wakanichukua, nilipwe kwa kila saa ninayoruka na mwanafunzi. Ami alipoisikia alikasirika. Akasema, "Tulikusomesha uwe rubani, hatukukusomesha uwe mwalimu wa watoto wa matajiri."

Baba hajasema kitu. Nusu ile ya shamba ndiyo aliyokuwa akituambia tangu tukiwa wadogo kuwa itawasomesha wadogo zangu. Anayenifuata amemaliza kidato cha nne na alama za chuo kikuu anazo. Usiku mmoja nilimsikia baba akimwambia mama kuwa mashine ya boti imechoka, inazimika katikati ya mkondo, lakini ataivumilia mpaka mtoto akae sawa. Mtoto mwenyewe ndiye mimi.

Wenzangu niliosoma nao hawanisaidii kuamua. Mmoja alilipiwa na wazazi taipu ya 737, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani na cheti chake. Mwingine alianza na ualimu, sasa yuko kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya panga. Lakini yupo wa tatu aliyelipia taipu vilevile, akaajiriwa Afrika Magharibi baada ya miezi michache tu. Kila nikiegemea upande mmoja namkumbuka mmoja wao, narudi nilikotoka.

Mama naye ana lake. Kuna posa imeletwa na watu wema, na anaona labda hiyo ndiyo heri yangu kwa sasa.

Nisaidie, Mama. Nichukue kozi ipi? Na nikimkatalia ami, baada ya yote aliyonifanyia, si nitakuwa mtoto asiye na shukrani?

Binti wa Langoni, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza kozi ipi, nami nitakujibu kadiri ninavyoweza. Mimi si rubani, kwa hiyo kabla ya kukaa kuandika nimewauliza watu wa kazi hiyo. Lakini uniruhusu kwanza nikuonyeshe nilichokiona. Habari za Boeing umeziandika kwa maneno ya ami. Habari za chuo cha Ulaya umeziandika kwa maneno ya chuo. Habari za mashine ya boti, bangili za mama na masomo ya mdogo wako umeziandika kwa maneno yako mwenyewe. Nahisi maswali yamechanganyika humo ndani, na la kozi ndilo jepesi kuliko yote.

Hata hivyo tuanze na hilo jepesi, kwa sababu lina mambo ambayo hakuna aliyekueleza sawasawa.

Hiyo MCC si pambo la cheti. Tarehe 27 Machi 1977 Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, watu 583 wakafa. Ndani ya ndege iliyokuwa ikipaa, fundi wa safari aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni, mtu mwenye jina kubwa katika kampuni yake, akamjibu kuwa imetoka, na ndege ikaendelea kwenda. Baada ya ajali kama hizo, mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliwakutanisha wataalamu, na hapo ndipo yakaanza mafunzo ya namna watu wa chumba cha rubani wanavyopaswa kusemezana. Sisi wenyewe tuna msiba wetu. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka usiku muda mfupi baada ya kupaa Douala, watu 114 wakapotea. Ripoti ya uchunguzi ya Cameroon ilitaja, pamoja na sababu nyingine, kukosekana kwa uratibu kati ya marubani wawili. Mungu awarehemu wote.

Wewe umekulia kwenye boti, utanielewa haraka. Baharia anayekaa omoni akaona fungu la mchanga akanyamaza kwa kumstahi nahodha, hana faida kwa yeyote chomboni. MCC inamfundisha rubani mdogo kusema, na inamfundisha mkubwa kusikia: nani anarusha, nani anaangalia, maneno gani yanatamkwa wakati gani, na mdogo afanye nini akiona mkubwa anapotea. Kwa msichana wa kwetu aliyelelewa kutomjibu aliyemzidi umri, nadhani hayo ni mafunzo yenye thamani kubwa kuliko hizo saa za jeti wanazozitangaza.

Kwa hiyo mimi siidharau. Ninachokiuliza ni wakati wake. Kwa kanuni za Ulaya MCC ya kawaida ni saa 25 za darasani na saa 20 za simuleta, na APS inaongeza hizo za simuleta mpaka 40, kama walivyokuambia. Hiyo APS ilibuniwa kwa kuyaangalia mashirika ya kule yanayochukua vijana wenye saa chache moja kwa moja kwenye jeti. Wewe leseni yako ni ya Kenya, na makampuni uliyoyaandikia yanakuuliza saa na taipu. Je, kuna hata moja lililokuuliza kuhusu APS? Kama halipo, ujue unalipia sifa inayotafutwa katika soko ambalo bado huna ruhusa ya kuingia, kwa sababu kufanya kazi Ulaya kunataka leseni ya kule na kibali cha kuishi kule. Tena unachojifunza kwenye simuleta, usipokitumia, kinafifia. Aliyemaliza MCC akakaa miaka miwili bila kuruka ataanza karibu upya siku ya usaili.

Na hilo punguzo la mwisho wa mwezi lisikukimbize. Kozi nzuri leo itakuwepo na mwakani.

Tuje kwa Boeing. Nataka tumtendee ami haki, kwa sababu hajasema upuuzi. Yapo mashirika yanayomchukua mtu kwa sababu taipu tayari anayo, na huyo mwenzako wa Afrika Magharibi ni ushahidi. Njia hii ikifunguka hufunguka kwa upana, na mshahara wake unaweza kurudisha shamba na zaidi. Ningekuwa wewe ningempigia simu nimuulize kwa undani: alikuwa na saa ngapi alipoajiriwa? Alimjua nani? Alisaini mkataba wa namna gani? Alilipa kitu zaidi ya kozi? Habari ya kufaulu ikifika Lamu huwa imeshapungua nusu njiani, na iliyobaki nyuma ndiyo unayoihitaji.

Sasa upande ambao ami hajaambiwa. Taipu ni ya aina moja ya ndege tu. Ukiwa na ya 737 huwezi kuitumia kwenye Dash 8 wala kwenye Embraer. Tazama kinachotua Manda kila siku: karibu zote ni ndege za panga, Caravan na Dash 8. Waajiri wenye 737 nchini mwetu ni wa kuhesabika kwa vidole, na kila mmoja ana masharti yake ya saa. Pili, kibali hicho kina tarehe ya kuisha. Kwa kanuni za Ulaya ni mwaka mmoja, na popote utakapokuwa utatakiwa kurudi kwenye simuleta ukafanye mtihani ili kiendelee kuwa hai, na simuleta hukodishwa kwa saa, kwa fedha za kigeni. Huyo mwenzako aliyeko nyumbani mwaka wa pili, muulize kama cheti chake bado kinafanya kazi na kimemgharimu nini kukitunza.

Tatu, na hapa naomba usome polepole. Rubani mwenye saa chache kama zako hamalizi taipu ndani ya simuleta peke yake. Hutakiwa kupaa na kutua mara kadhaa kwa ndege yenyewe, Boeing halisi, tupu, bila abiria. Fikiria mafuta yake, fikiria kodi yake. Vyuo vingi vikitaja bei huwa hiyo haimo, au imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Baada ya hapo yanabaki mafunzo ya njiani, ukiruka na abiria pembeni mwa kapteni mkufunzi, na hayo hutolewa na shirika la ndege, chuo hakiwezi. Ndipo wanapojitokeza watu wa kukuambia ulipe tena ili uruke mamia ya saa kwenye ndege ya kampuni fulani. Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo. Wapo pia waliomaliza saa walizolipia, wakaagwa kwa heri, na kiti chao akapewa mlipaji mwingine.

Upo utaratibu mwingine ambao hukuuandika. Mashirika mengine humlipia rubani taipu yenyewe, kisha humfunga kwa bondi ya miaka kadhaa. Bondi nayo ina uchungu wake, ukiondoka mapema unadaiwa, lakini angalau anayebeba hatari ni yule mwenye ndege. Ukiulizwa kwa nini umesubiri, hilo ni jibu la heshima.

Ualimu ami ameuona kama kushuka daraja, na naona na wewe umeanza kuuonea haya. Sijui kama unastahili haya hiyo. Leseni ya juu, ile inayokuruhusu siku moja kuwa kapteni kwenye ndege za marubani wawili, inataka saa 1,500. Hizo saa hazinunuliki zote, hakuna ukoo wenye mashamba ya kutosha. Mwalimu anazipata huku akilipwa, hata kama kidogo. Na mtu anayekaa kulia, mikono magotini, akimtazama mwanafunzi anayekaribia kutua vibaya, akipima ni sekunde gani ya kuingilia na ni ipi ya kumwacha ajifunze, huyo anajifunza kuangalia na kusema. Ndiyo kazi ileile unayotaka kwenda kuisomea Ulaya.

Lakini usiende huko ukidhani ni pepo. Wamekuambia huenda wakakuchukua, na huenda si mkataba. Kodi ya nyumba Nairobi haingoji mwanafunzi apatikane. Ukilipwa kwa saa, basi mvua ya wiki nzima, au ndege mbili zikiwa zimelala karakana zikisubiri kipuri, ni wiki ya njaa. Kaa pale siku chache kabla ya kutoa shilingi yoyote, uhesabu kwa macho: ndege ngapi zinaruka kweli, walimu wangapi wanagombania wanafunzi wangapi, na walioondoka mwaka uliopita wamekwenda wapi. Walimu wenyewe watakuambia ukweli wakiwa kwenye kikombe cha chai, mbali na ofisi.

Kuna njia ya katikati pia. Baadhi ya makampuni yanayorusha Caravan kwa watalii huweka marubani wawili ingawa ndege yenyewe inaruhusiwa kurushwa na mmoja. Kiti hicho cha pili ndicho alichokipata mwenzako. Wengine huingia kwanza kwa mlango wa ofisi ya uendeshaji, wakipanga safari na kujaza makaratasi ya uzito na mafuta, mpaka siku nafasi inapotokea wakawa wanajulikana kwa sura na kwa bidii. Umewaandikia barua, sawa. Je, umewahi kwenda kusimama mbele yao pale Wilson, na leseni yako mkononi? Na hapo Manda wanapotua kila siku, wewe ni mtoto wa yule nahodha wanayemjua. Sioni aibu ya kumsalimu kapteni na kumwomba dakika tano.

Utaona mwanangu kwamba hizi kozi hazipingani. Mtu anaweza kuanza na saa, akafanya MCC fupi akikaribia kuitwa kwenye usaili, na taipu ikaja mwisho kwa mkono wa mwajiri. Anaweza pia kuanza na taipu akabahatika. Tofauti ni nani anabeba hasara kama mambo hayakwenda, na hasara hiyo ni ya ukubwa gani. Ukichukua ualimu ukashindwa, umepoteza mwaka na fedha kiasi. Ukichukua Boeing ukashindwa, wadogo zako wamepoteza masomo. Sikwambii usiichukue. Nataka uichukue ukiwa umelitazama hilo usoni, kama ndilo utakalolichagua.

Lolote utakaloamua, kuna jambo halingoji. Kibali chako cha kuruka kwa vyombo na cheti chako cha afya vina tarehe za kuisha. Vitazame leo. Ukiviacha vife wakati wa kubishana juu ya Boeing, hakuna kampuni itakayokutazama, na kuvifufua ni gharama nyingine. Na kozi yoyote ya nje, kabla hujaitumia hata shilingi, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya uulize kama wanaitambua na watakuandikia nini kwenye leseni. Jibu lao liwe kwa maandishi.

Sasa lile zito. Umesema baba hajasema kitu. Mimi naona amesema, ila hakukuambia wewe. Mtu anayevumilia mashine inayozimika katikati ya mkondo, na abiria wamo chomboni, ana mengi moyoni. Inawezekana ananyamaza kwa kumstahi nduguye aliyetoa fedha. Inawezekana anaogopa kukuvunja moyo. Inawezekana pia, na hili usilitupe, kwamba yuko tayari kuuza na hataki uone uzito wake. Humjui mpaka umuulize, tena peke yenu, mkiwa wawili chomboni baada ya abiria kushuka. Usimuulize kozi ipi. Muulize lile shamba alilipangia nini, na kama bado analipangia hivyo hivyo.

Halafu kuna haki ya wadogo zako. Dini yetu imemhimiza mzazi kufanya uadilifu baina ya watoto wake katika anachowapa. Wewe umeshapewa nusu. Kama hii nusu nyingine inakuja kwako, je, ni zawadi, au ni deni utakalowalipa wadogo zako? Likiwa deni, liandikwe, na mashahidi wawepo. Baba anaweza kukaa na sheikh anayemwamini walizungumze. Na huyo mdogo wako mwenye alama zake, amewahi kuulizwa? Katika barua nzima nimemwona akitajwa, sijamsikia akisema.

Kwa ami, sioni kama umebanwa baina ya kukubali na kukosa shukrani. Kumshukuru mtu ni jambo moja na kumpa uamuzi wa maisha yako ni jingine, ingawa najua kwetu mstari huo haupo wazi. Yeye ni mfanyabiashara. Usimpelekee hapana, mpelekee hesabu. Mwombe akusaidie kupata majibu ya maandishi kutoka hicho chuo cha Afrika Kusini: kutua kwa ndege halisi kumo kwenye bei? Kibali kinaisha lini na kukihuisha ni fedha ngapi? Wahitimu wao wenye saa kama zangu, wangapi wameajiriwa na nani? Mtu mzima akipewa kazi ya kumtafutia mtoto wake ukweli hujiona ameheshimiwa. Huenda majibu yakamrudisha nyuma mwenyewe. Huenda pia yakawa mazuri, na wewe ndiye ukabadilisha mawazo. Muda wa Maulidi ameuweka yeye, na kuuomba usogezwe mbele si utovu wa adabu, hasa baba akiwa ndiye anayeomba kwa ajili yako. Kama mnunuzi wa shamba ni wa kweli, ataelewa kuwa ardhi ya familia haiuzwi kwa wiki.

Kuhusu posa nitasema kidogo, kwa sababu na wewe umeisemea kidogo. Kama ni watu wema, watavumilia kuulizwa mapema iwapo mke anayeruka wanamtaka. Kapteni Irene Koki Mutungi, Mkenya mwenzetu, alipokalia kiti cha kapteni wa Boeing 787 mwaka 2014 alitangazwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo, kwa hiyo si jambo la kubuni. Lakini mama asikupeleke kwenye ndoa kama mahali pa kungojea kazi. Zungumza naye. Naye ametoa bangili zake, ana haki ya kusikia unachokitaka kutoka kinywani mwako.

Katika yote uliyoniandikia hukuwahi kuniambia ni kazi gani ya urubani unayoiona ukifumba macho. Ni kiti cha jeti kinacholala leo Dubai kesho London? Au ni hizi ndege za panga zinazoamka Wilson na kufika Manda kabla ya adhuhuri? Zote ni kazi za heshima, na kila moja ina mlango wake. Ningependa ulijibu hilo kabla ya kumjibu ami, chuo, au mimi.

Ukishazungumza na baba niandikie tena. Na hicho chuo cha Ulaya kilichokuambia kina mashirika washirika, kiombe kiyataje moja moja kwa barua, pamoja na masharti ya kila shirika kwa mwenye leseni ya Kenya. Ukipata jibu nitumie nakala, tulisome pamoja.